TINI HAIIVI NJE YA MTI

Maandiko: Yohana 15:4–5, Nahumu 3:12, Wagalatia 6:9

 

Leo tujifunze kwa tunda ambalo Biblia inalitaja mara nyingi, tini. Sisi tumezoea ndizi. Unakata mkungu ukiwa bado kijani, unaufunika na gunia, na baada ya siku chache umeiva. Hii ni kwa sababu ndizi imejaa wanga, na wanga huo hugeuka sukari hata baada ya mkungu kukatwa.

Tini si hivyo. Haina akiba hiyo. Utamu wake hutoka kwenye majani, unapita kwenye kikonyo, unaingia siku kwa siku. Ukiichuma mbichi inatoa utomvu mweupe kama maziwa. Iweke dirishani, italainika, pengine hata rangi itabadilika. Lakini ukiiuma, utamu hakuna. Wapendwa, kulainika si kuiva!

Tena kuna jambo lingine. Tini ikikua kiasi, hufika mahali inaonekana imesimama. Wiki baada ya wiki ni ile ile, ngumu na kijani. Halafu siku zile za mwisho inavimba, inainamisha shingo, inajaa sukari. Nabii Nahumu, akitabiri kuanguka kwa ngome za Ninawi, alizifananisha na tini zilizoiva: mti ukitikiswa tu, zinaanguka kinywani mwa mlaji. Tini iliyoiva haihitaji kung'ang'aniwa.

Sasa nisikilizeni. Wengi wetu hujichuma katika kile kipindi cha kimya. Umeokoka miaka mitano, unaomba, na hasira yako ni ile ile. Kisha ndugu mmoja anakukosea, unasema, "Mimi nitaomba kwangu, mahubiri nitasikiliza kwa simu." Au kijana amehubiri mara mbili, watu wakapiga makofi, na tayari anatafuta hema na spika aanze huduma yake. Tunajidhania ndizi. Tunasema, "Nilichonacho kinatosha, nitaivia mbele ya safari."

Naomba nieleweke. Shina si mchungaji, wala si jengo hili. Mtu akihama mji, akajiunga na ushirika mwingine wa waamini, bado yuko kwenye shina. Na kama uliumizwa kanisani, sisemi kidonda chako ni kidogo. Njoo tuzungumze. Lakini Yesu, akitumia mfano wa mzabibu, alisema wazi kwamba tawi haliwezi kuzaa lenyewe lisipokaa ndani yake. Na Paulo aliwaambia Wagalatia wasichoke kutenda mema, kwa maana mavuno yana wakati wake.

Kwa hiyo wewe uliye mgumu na kijani leo, usijidharau. Hujakauka. Maadamu kikonyo kimeshika, kuna kitu kinaingia, hata kama hukioni. Mwambie jirani yako, "Usijichume!"

Wiki hii, mkumbuke mtu mmoja aliyenyamaza, ambaye kiti chake kimekuwa wazi. Mpigie simu. Usimgombeze, msikilize. Yeye si tini. Neema ya Mungu inaweza kumpandikiza tena.

Tuombe: Baba, tushike mpaka tuive. Wale waliojitenga, warudishe kwako. Katika jina la Yesu, Amina.