Sifuri Kwenye Karatasi



Wale mliopita nje ya ukumbi Ijumaa mbili zilizopita mliona watu sita wameketi kwenye viti vya plastiki, wote wanatazama paa. Baba mmoja alisimamisha gari akauliza kama kuna moto. Hapakuwa na moto. Tulikuwa tunahesabu ndege, na katika kuhesabu huko nikaulizwa swali ambalo nimeshindwa kuliacha. Ndiyo maana ninawaandikia.

Ndege wenyewe ni teleka, ambao Waingereza huwaita swift. Wengi wetu tungesema ni mbayuwayu, lakini siye. Teleka ana rangi ya kahawia iliyokoza karibu mwili mzima, mabawa yamepinda kama mundu, na humwoni ametua kwenye waya wa umeme hata siku moja. Anakula angani na kulala angani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, walionyesha mwaka 2016 kwamba wengine hukaa hewani miezi kumi mfululizo. Huku Uingereza hutua kwa ajili ya kutaga na kulea tu. Anafika Mei, anaondoka mwisho wa Julai au Agosti, anarudi kwetu: misitu ya Kongo, na wengine hadi Msumbiji. Kwa hiyo kila mwaka anakaa Afrika kuliko anavyokaa hapa, na bado anaitwa ndege wa Uingereza. Hilo waulizeni wanaoshughulika na viza.

Kiota chake anakiweka kwenye tundu upenuni, na mwaka unaofuata anarudi kwenye tundu lile lile. Nyumba za zamani za London zilikuwa na matundu mengi. Sasa mapaa yanatengenezwa, matundu yanazibwa ili joto lisitoke, na wadudu nao wamepungua. Teleka wanaozaa nchini hapa wamepungua kwa zaidi ya nusu tangu 1995, na mwaka 2021 waliingizwa kwenye orodha nyekundu ya ndege walio hatarini.

Sasa, paa la ukumbi wetu, kama mnavyojua ninyi mnaokaa karibu na ile ndoo, linavuja. Wenye jengo wanataka kulitengeneza msimu huu. Sheria ya mwaka 1981 inakataza kuharibu kiota cha ndege wakati kinatumika, hivyo wakatuomba sisi tunaokuwapo jioni tuhesabu: je, kuna teleka wanaoingia paani? Wakiwapo, upande huo utangoja mpaka waondoke. Wasipokuwapo, mafundi watasimamisha jukwaa na kuziba kila kitu.

Utaratibu wa kuhesabu si mgumu, ila unachosha shingo. Unakaa kuanzia kama saa moja kabla ya jua kuzama hadi giza linapoingia. Teleka wanaopita kwa kasi usawa wa paa huku wakipiga kelele ni dalili kwamba viota viko karibu. Anayeingia tunduni ndiye anayeandikwa kwenye safu ya viota, na anaingia haraka kiasi kwamba ukipiga chafya umemkosa. Walio juu sana, wanaokula tu, wana safu yao wenyewe. Hao wanaweza kuwa wametoka mbali, hawathibitishi lolote kuhusu paa lako.

Jioni ile tuliona tisa, wote juu kabisa, wadogo kama nukta. Hakuna aliyeshuka. Giza lilipoingia, kijana wetu mmoja wa miaka kumi na tatu, ambaye ndiye aliyeshika karatasi na kalamu, aliniambia kwa sauti ya chini, “Anti, tuwaandike hawa tisa kwenye safu ya viota. Tukiandika sifuri, wataziba matundu.”

Nilimwambia hatuwezi. Akanijibu, “Wale wakunga wa Misri walimdanganya Farao, na Mungu akawatendea mema. Ulitufundisha wewe.”

Ni kweli, nilimfundisha mimi. Kutoka sura ya kwanza, Shifra na Pua. Kama muuguzi nimeipenda habari ile maisha yangu yote, na sikutegemea kupigwa nayo kichwani usiku nje ya ukumbi.

Kabla sijawaambia nilivyomjibu, niseme jambo ambalo yeye sikumwambia. Katika mwaka wangu wa kwanza wodini, mashine zilipima presha na mapigo ya moyo, lakini pumzi zilihesabiwa kwa macho, dakika nzima, umesimama kando ya kitanda. Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20. Usiku mmoja wenye kazi nyingi nilimtazama mama mmoja, nikaona amelala vizuri, nikaandika 16. Sikuhesabu. Mwenzangu alipopita baadaye alihesabu 28. Mama yule alihamishiwa kwa wagonjwa mahututi usiku ule ule. Alipona, namshukuru Mungu. Sikuandika 16 kwa nia mbaya. Niliandika nilichotamani kiwe kweli, na aliyekuja nyuma yangu angeisoma 16 yangu kama kweli.

Basi kijana nilimjibu hivi: Farao aliuliza ili apate kuua. Anayeulizwa na muuaji mahali mtoto alipojificha hana deni la kumpa anwani. Akasema, “Na mafundi watasoma karatasi hii hii.” Ana akili, huyu. Nikasema ndiyo, lakini wenye jengo si Farao. Ni watu wenye paa linalovuja ambao wangeweza kunyamaza na kuziba, wakachagua kuuliza. Ukimdanganya anayeuliza kwa moyo mweupe, mara nyingine hataulizwa mtu. Na ile habari kwamba teleka wamepungua kwa zaidi ya nusu, tunaijua kwa sababu watu wa kujitolea nchi nzima waliandika walichokiona, hata mwaka ambao hawakuona kitu. Sifuri zao ndizo zilizopiga kengele. Kama kila mpenda ndege angeongeza tisa zake kwa huruma, leo tungekuwa tunaambiwa teleka wako salama.

Sijui kama aliridhika. Alisema, “Lakini ndege hawajui hayo.” Sikuwa na jibu, na bado sina.

Nyumbani nilifungua habari ya Daudi kuwahesabu watu. Bibi yangu alitukataza kuhesabu watoto kwa kidole, na alikuwa akiitaja habari hiyo hiyo kama ushahidi. Nilichotafuta kilikuwa Yoabu. Katika 1 Mambo ya Nyakati 21 anachukizwa na amri ya mfalme, na Lawi na Benyamini hawahesabu kabisa. Kukataa kuhesabu naona ni haki ya dhamiri. Mtu anaweza kuweka kalamu chini na kusema, mimi hii siifanyi. Tulichokuwa tunashawishiwa nacho ni kingine: kuketi pale, kuonekana tunahesabu, halafu kutia sahihi kwenye kisichokuwapo.

Kwa hiyo karatasi ilikwenda na tisa juu na sifuri paani. Pamoja nayo tuliandika barua, kijana na mimi, tukisema wazi kwamba hatukuona kiota, na tukiomba hata hivyo matundu mawili ya upande wa mashariki yaachwe, au wajenge lile tofali lenye tundu la teleka ambalo Bunge lililijadili Julai 2023 baada ya watu zaidi ya laki moja kutia saini. Sentensi ya mwisho aliiandika yeye na ni nzuri kuliko zangu. Jibu halijafika.

Jioni moja haitoshi, hivyo tutarudi Ijumaa hii. Jua la London mwezi huu linazama saa tatu na dakika ishirini usiku, wazazi msiwe na wasiwasi, tutawarudisha watoto kwa gari. Njooni na kiti na sweta. Kalamu iko kwa kijana.