Radhi ya Wajukuu

Sumner, Mississippi, ni makao ya kaunti, lakini ukifika utaona mahakama ya matofali, maduka machache, basi. Mwaka 1955 kibao cha mji kilijisifu kuwa hapa ni pazuri kulelea mtoto wa kiume. Septemba ya mwaka huohuo, jopo la wanaume 12, wazungu watupu, lilitumia dakika 67 kuwaachia huru waliomuua Emmett Till, kijana mweusi wa miaka 14 kutoka Chicago. Muda si mrefu wauaji wakalisimulia gazeti walivyomuua, tena kwa malipo. Sheria haikuruhusu washtakiwe mara ya pili kwa kosa lilelile.

Oktoba 2007, wakazi weusi na weupe walisimama mbele ya mahakama hiyo wakaiomba radhi familia ya Till.

Rafiki yangu alicheka: "Sasa mtu anaombaje radhi kwa kosa asilolitenda?" Swali zuri. Hatia hairithiwi kama shamba. Lakini ule ukimya wa miaka 52 walirithi, na kila aliyeuendeleza aliufanya wake. Hapo mimi niko na wajukuu. Kinachonisumbua ni kwamba Mamie, mama yake Emmett, alikuwa ameshafariki tangu 2003. Radhi ya namna hiyo inapokelewa na nani hasa?

Na kule mtoni, kibao cha kumkumbuka kilikuwa kikipigwa risasi kila kikibadilishwa. Mwaka 2019 wakasimika cha chuma kisichopenya risasi, kizito zaidi ya kilo 200.