Kutu Isiyofichwa

Katika mali zilizopanda zamani kutoka Bagamoyo hata Unyanyembe ilikuwamo merikani, nguo ya pamba iliyofumwa Marekani na kuletwa Unguja kwa merikebu. Haikutiwa rangi, mnunuzi aliikunjua, akaipapasa kwa vidole, akajua anunuacho. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na misafara ya wapagazi ikafifia, walakini masala ya kuuza kitu jinsi kilivyo hayakwisha.

Basi na ichukuliwe hali hii. Mtu wa Tabora amerithi kwa babaye motokaa ya Kimarekani, Chevrolet ya miaka ya 1950. Rangi ni ile ile ya kiwandani, imekwajuka kwa jua. Mabati yana kutu, na viti vimepasuka. Fundi amshauri azibe matundu na kupaka rangi mpya. Mara atokea mnunuzi wa mbali, akataka iachwe vivyo hivyo, na kwa ajili ya ukuukuu wake yu tayari kutoa zaidi. Je, ziada ile ni halali?

Ni halali. Ila katika biashara ni kile kipunguzacho thamani kwa desturi ya wajuzi wa mali hiyo. Kutu ya juu ni ila kwa mchukuzi wa abiria; kwa mpenda vya kale ni pambo. Wala haidanganyi, kwa kuwa yaonekana. Ama kutu iliyokula chasisi, huko chini pasipofika macho, hiyo ni shauri jingine. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika chungu ya nafaka sokoni, vidole vikatoka na maji, akamlaumu mwenyewe kwa kutoiweka juu iliyolowa ili watu waione. Mabati ya juu yaliyo makavu hayamtoshi mwuzaji ajuaye ya chini.

Wako pia, na hao ni werevu kweli kweli, waionao bei ya kutu wakaitengeneza: wasugua rangi kwa msasa, wamwagia mabati maji ya chumvi. Hao ni ndugu wa yule afungaye chuchu za mbuzi siku mbili asikamwe, ili kiwele kijae siku ya mnada. Mtume alikataza jambo hilo, akampa mnunuzi haki ya kumrudisha mnyama.

Na mnunuzi naye asidhani ameachwa. Huenda mrithi yule adhani anauza vyuma chakavu, na mgeni ajua thamani yake akanyamaza. Sahaba Jarir bin Abdullah alinunuliwa farasi kwa dirhamu 300. Akamwambia mwenyewe kuwa farasi wake ni bora kuliko bei ile, akawa akipandisha mpaka dirhamu 800. Ni wachache sokoni wawezao hayo. Lakini mrithi wa Tabora aweza japo lililo jepesi: kutaja aliyoyaona chini ya gari, na mgeni akitaka kulala chali aione chasisi, kumtandikia mkeka.