Tukishaona

Altrasaundi haipatani na hewa. Mawimbi yake ya sauti hupenya maji na nyama, lakini yakigonga hewa hurudi yalikotoka. Ndiyo maana kwa miaka mingi madaktari waliitumia kutazama mimba, ini na moyo, wakaliacha pafu. Baadaye wachache, akiwemo Mfaransa Daniel Lichtenstein, walionyesha kwamba hata mwangwi huo una habari. Pafu lililojaa hewa huchora mistari ya mlalo inayojirudia. Lenye majimaji huchora mistari ya wima inayoshuka kama miale. Kifuani mistari hiyo haipo. Unalisoma pafu kwa kutazama kitu ambacho si pafu, jambo ambalo mimi binafsi bado linanishangaza.

Kwa mtoto njiti faida yake ni kubwa. Hakuna mionzi kama ya eksirei, kipimo kinaweza kurudiwa, na mama anabaki palepale, mkono juu ya mguu wa mwanawe. Mwaka 2015 watafiti wa Ufaransa walichapisha namna ya kutoa alama: kifua kinagawanywa sehemu 6, kila sehemu inapewa 0 hadi 3, jumla 18. Kadiri jumla inavyopanda, ndivyo inavyoelekea kwamba mtoto atahitaji safaktanti, ile dawa inayozuia vifuko vya hewa visijifunge kila anapotoa pumzi.

Katika hospitali nyingi za kwetu dawa hiyo haipo, au ipo kwa bei isiyoshikika.

Ninasomea uzamili wa maadili ya tiba, na darasani tuna dada mmoja muuguzi wa wodi ya watoto wachanga. Tulipojadili kipimo hiki alisema, "Nikimwambia mama kwamba mtoto anahitaji dawa ambayo hatuna, nimemsaidia nini? Atatoka pale na mshono wake mbichi kwenda kuuza shamba."

Sikuwa na jibu la haraka, na sidhani kama alihitaji jibu la haraka. Anayekaa na mama huyo saa nane za usiku ni yeye, si mimi na vitabu vyangu. Tena picha haikosi kazi hata pasipo dawa. Ikionyesha majimaji ya kuzaliwa nayo tu, unasubiri, yatakauka yenyewe kwa siku mbili tatu. Ikionyesha hewa imevuja nje ya pafu, sindano inaweza kumwokoa. Ugumu unabaki kwa yule mwenye alama za juu.

Tarehe 7 Agosti 1963 Rais Kennedy wa Marekani alipata mtoto wa kiume, Patrick, aliyezaliwa kabla ya wakati. Aliishi saa 39. Miaka minne nyuma Mary Ellen Avery na Jere Mead walikuwa wameonyesha kwamba mapafu ya watoto wa namna hii hukosa safaktanti, lakini dawa yenyewe haikuwepo popote duniani. Mjapani Tetsuro Fujiwara alitangaza mafanikio yake mwaka 1980. Patrick alikufa kwa kitu ambacho baba yake, pamoja na uwezo wote ule, asingeweza kukinunua. Kumwita yule baba pembeni na kumwambia "ni mapenzi ya Mungu" kulikuwa na ukweli wake.

Leo maneno hayohayo, yakisemwa na mtu aliyetoka kuona alama 14 kwenye skrini, yanaficha kitu. Judith Shklar, katika kitabu chake cha 1990, *The Faces of Injustice*, anauliza balaa linageuka dhuluma wakati gani. Kwangu mimi linageuka hapo. Tukinyamaza, kabati tupu linafichwa nyuma ya jina la Mungu, na mama anarudi nyumbani akijiuliza alibeba mzigo gani mzito, alikula nini, nani alimtazama vibaya. Shamba anaweza kuliuza au asiliuze. Uamuzi ni wake na wa nduguze, na huruma yetu haitupi haki ya kumwamulia.

Yule dada hakukubali yote. Alikubali alama ziandikwe kwenye faili, na chini yake iandikwe kwamba dawa iliyohitajika haikuwepo. La kumwambia mama usiku uleule, au kungoja asubuhi ndugu wafike, tunabishana nalo hadi leo.