Imani Isiyo na Njia

Alfajiri, boti za omena zinaporudi Mbita, Homa Bay, au Muhuru Bay, Migori, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, baada ya usiku wa kuvua kwa taa, wanawake wachuuzi huwa wameshaingia majini na mabeseni yao. Samaki wakiwa haba, pesa pekee haitoshi: baadhi ya wavuvi humpa mzigo yule tu aliyekubali kulala nao. Watu wa ziwani huita mapatano hayo jaboya. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa mwaka 2018 ulikuta kwamba kati ya watu wa miaka 15 hadi 64, asilimia 19.6 katika Kaunti ya Homa Bay na 13 katika Kaunti ya Migori walikuwa wakiishi na virusi vya Ukimwi, ilhali kiwango cha nchi nzima kilikuwa 4.9. Jaboya si chanzo pekee, lakini imo. Na watu wanajua: wamehubiriwa kanisani, wameelezwa zahanati. Je, mtu anayeamini kuwa jambo ni ovu kisha akalitenda, imani yake ni ya uongo?

Wengi watajibu ndiyo, wakitegemea Waraka wa Yakobo kwamba imani isiyo na matendo imekufa. Mimi nasema mara nyingi imani ipo hai, ila imekosa njia. Mwaka 1973 John Darley na Daniel Batson walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi wa seminari ya Princeton, Marekani. Wanafunzi hao walitumwa jengo la pili kutoa hotuba, baadhi yao kuhusu Msamaria Mwema, na njiani alikuwepo mtu aliyejikunyata akikohoa. Kati ya walioambiwa wamechelewa sana, asilimia 10 tu walimsaidia. Kati ya wasio na haraka, 63. Kuwa na mfano wa Msamaria kichwani hakukuleta tofauti ya maana. Kama dakika chache zinaweza kumzuia mseminari, njaa ya watoto itamfanya nini mchuuzi?

Wapo watakaosema hoja hii inawafutia watu dhambi. La hasha. Mvuvi aliyeshika samaki ana uchaguzi mpana kuliko mwanamke anayemngoja, kwa hiyo lawama yake ni kubwa zaidi. Wengine watauliza: mbona tohara ya hiari ya kupunguza maambukizi ya virusi hivyo, iliyoanza kutolewa mkoani Nyanza mwaka 2008, ilipokelewa na Waluo wengi ambao mila yao haikuwa na tohara? Si mioyo iliyobadilika? Ilibadilika, naam, lakini haikuachwa peke yake. Huduma ilikuwa bure na karibu, na viongozi kama Raila Odinga waliiunga mkono hadharani.

Jirani na Homa Bay, katika ufuo wa Nduru, Kaunti ya Kisumu, wanawake wa kikundi cha No Sex for Fish walipata boti zao wenyewe na kuajiri wanaume wawavulie. Hawakuhitaji kufundishwa upya kwamba jaboya ni mbaya, walihitaji boti. Na mafuriko ya mwaka 2020 yalipoikumba Nduru, kilichosombwa hakikuwa maadili yao, bali riziki iliyoyashikilia. Kwa hiyo kanisa, msikiti na serikali ya kaunti wakitaka kukemea jaboya, wakemee, lakini katika bajeti yao pawe na boti, mkopo na sheria inayomfikia mvuvi. Anayedai matendo kwa mwenzake huku akimwachia njia imefungwa, imani ya kupimwa kwanza ni yake.