Shamba la Nabothi na Bahari Yetu



Fungueni Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21, habari za Nabothi na shamba lake la mizabibu. Sisi tuliozoea darasa hupenda kuuliza: kosa lilianzia wapi hasa? Si katika kutaka shamba. Mfalme Ahabu alitoa bei, tena akaahidi shamba lingine lililo bora. Nabothi alipokataa urithi wa baba zake usiuzwe, ndipo zikaandikwa barua zenye muhuri na wakatafutwa mashahidi wa uongo. Na wazee, waliokaa naye mji mmoja, wakatii barua. Hatusomi kwamba hata mmoja wao aliuliza neno.

Twayasema haya kwa sababu ya mafuta. Hapa Pemba si habari ya jana. Kampuni ya BP ilichimba kisima kisiwani mwanzoni mwa miaka ya 1960, ikaondoka. Oktoba 2018 Serikali ya Zanzibar ilitia saini mkataba na RAK Gas ya Ras Al Khaimah kwa kitalu cha Pemba na Unguja. Lakini magharibi yetu iko hifadhi ya Mkondo wa Pemba, iliyotangazwa mwaka 2005, na ndani yake Misali, wanakotaga kasa, na maji yake yanalisha nyumba nyingi za wavuvi.

Ng'ambo ya mkondo huo ni Chongoleani, Tanga, palipochaguliwa kuwa mwisho wa bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda. Mafuta ya huko huganda kama mafuta ya nazi wakati wa kipupwe, ndiyo maana bomba limepangwa kupashwa moto njia nzima. Vituo kumi vya kuyachimba vimewekwa ndani ya Hifadhi ya Maporomoko ya Murchison, kati ya tembo na twiga. Meli itakayoyapakia Tanga haina njia isipokuwa mkondo wetu.

Tusijifanye watakatifu. Kabla ya waya wa umeme kuletwa chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010, taa zetu ziliwaka kwa dizeli. Ndege zatua papa hapa Wawi, nazo haziendeshwi kwa maji ya dafu. Tena karafuu hazizai sawa kila mwaka, na kijana aliyemaliza shule akakosa kazi ana haki ya kutuuliza kasa watamletea nini. Tusimjibu kwa kumkemea.

Wako Waanglikana wenzetu mbali sana wanaolijua swali hili. Ni Wagwich'in, wa Alaska na Kanada, waliopata Biblia nzima kwa lugha yao tangu mwaka 1898. Wanaishi kwa nyama ya karibu, mnyama wa jamii ya kulungu, ambaye huzaa katika hifadhi ya pwani ya kaskazini. Kwa miaka mingi wamepinga kuchimba mafuta pale, na Kanisa la Episkopali la Marekani limesimama nao. Wainupiati wengi wa kijiji cha Kaktovik, kilichomo humo humo, wametaka yachimbwe, kwa shule na zahanati zao. Nao pia ni watu wa Mungu. Mwaka 2017 sheria ilifungua pwani hiyo. Katika mnada wa Januari 2025 haikuja kampuni hata moja kutoa bei.

Mungu alipomweka mtu bustanini alimpa kazi mbili pamoja, kulima na kutunza. Kwa maoni yetu hifadhi ya Misali isiguswe. Lakini zaidi ya maoni yetu, twataka mvuvi asikilizwe kabla ya muhuri kupigwa, si baada yake. Sheria ya mazingira ya Zanzibar ya mwaka 2015 inataka athari za mradi zipimwe kwanza. Basi sheha akiita mkutano, twendeni, ingawa sisi Wakristo wa kisiwa hiki tu wachache, tukakae na majirani zetu Waislamu, ambao bahari hii ni yao kama ilivyo yetu. Tuulize kwa adabu: mafuta yakimwagika nani atasafisha, mvuvi atalipwa nini, na karatasi imeandikwa kwa Kiswahili au la? Wanaojua kusoma mikataba wawasomee wasiojua. Walimu wastaafu tupo, na jioni zetu ni ndefu.