Je, Anayelima Mboga Zake Amejitosheleza?

Waswahili wana methali mbili zinazovutana. Ya kwanza husema "Mtegemea cha nduguye hufa maskini." Ya pili husema "Mkono mmoja haulei mwana." Sisi Wanyarwanda nasi tunazo zinazovutana vivyo hivyo. Tunasema "Akimuhana kaza imvura ihise", yaani msaada wa kwa jirani hufika mvua ikishakatika. Tunasema pia "Ifuni ibagara ubucuti ni akarenge", yaani jembe la kupalilia urafiki ni mguu: asiyetembelea wenzake, urafiki wake huota magugu. Methali ya kwanza katika kila jozi humtaka mtu asimame kwa miguu yake. Ya pili humkumbusha kuwa hakujizaa mwenyewe. Katika insha hii nataka kujadili swali linalozaliwa kati ya methali hizi: mtu anapoamua kulima mboga zake ili asimtegemee yeyote, anajikomboa na nini hasa, na je, ana wajibu wowote kwa yule aliyekuwa akimtegemea?

Swali hili kwangu si la darasani tu. Nyumbani kwetu Huye, kusini mwa Rwanda, tumeamua kuwa na bustani ya mboga nyuma ya jiko kabla ya mvua za Machi, tunazoziita itumba. Mama amenipa kazi ya kuipanga. Bustani kama hiyo kwetu huitwa akarima k'igikoni, na serikali imekuwa ikihimiza kila kaya iwe nayo. Sababu inaeleweka. Utafiti wa afya ya kaya wa 2019 na 2020 ulionyesha kuwa watoto 33 katika kila 100 walio chini ya umri wa miaka 5 nchini Rwanda walikuwa wamedumaa. Mtoto anaweza kushiba viazi na ugali wa muhogo kila siku na bado akadumaa kwa kukosa vyakula vingine. Kwa hiyo sitaki msomaji afikiri kuwa nadharau jembe. Tuta moja la mchicha karibu na jiko ni jambo la maana kuliko hotuba nyingi.

Lakini tuanze na hesabu, kwa maana neno "kujitosheleza" hupenda kusemwa bila hesabu. Shirika la Afya Duniani hupendekeza mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Sisi ni watu 7. Tukijihesabu sote kama watu wazima, tunahitaji kilo 2.8 kwa siku, yaani zaidi ya kilo 1,000 kwa mwaka. Kiwanja tulicho nacho ni mita 6 kwa 4. Ili kitutosheleze, kila mita moja ya mraba ingepaswa kutoa zaidi ya kilo 40 kwa mwaka, na hakuna mkulima wa kwetu atakayekuahidi hilo. Wala hatuwezi kuongeza eneo. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu 500 katika kila kilomita ya mraba ya nchi yetu. Anayetaka kujitosheleza peke yake hapa Rwanda lazima kwanza amwondoe jirani.

Hata hicho kidogo kitakachoota hakitakuwa chetu peke yetu. Mbegu za karoti na kabichi tunanunua dukani, kwa sababu mimea hiyo huhitaji kipindi kirefu cha baridi ndipo itoe maua na mbegu, na Huye haina baridi hiyo. Samadi tunapewa na jirani aliyepata ng'ombe kwa mpango wa Girinka, ulioanza 2006, ambao humtaka aliyepewa ng'ombe ampe jirani mwingine ndama jike wa kwanza. Bustani yangu ya "kujitegemea" inaota juu ya ukarimu uliokwisha kupita katika mikono mingi.

Sasa nifike kwenye jambo linalonisumbua. Kwa miaka mingi tumenunua mboga kwa mama mmoja mwenye meza sokoni. Machi 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, mshahara wa baba, ambaye hufundisha shule ya binafsi, ulisimama. Mama yule aliendelea kutupa mboga kwa kuandika katika daftari. Yeye mwenyewe alinunua kwa fedha taslimu kutoka kwa wakulima, na hakujua shule zingefunguliwa lini. Hatimaye deni tulilimaliza lote. Lakini bustani yetu ikifaulu, mteja wa kwanza kupungua mezani pake ni sisi, tuliokula mboga zake tukiwa hatuna kitu.

Mtu anaweza kusema: biashara ni biashara. Aliuza, mlinunua, mkakopa, mkalipa. Hakuna anayemdai mwenzake. Jibu hili lina ukweli wake, ila linahesabu fedha peke yake. Bei ya mboga tuliilipa, lakini hatari aliyojitwika kwa ajili yetu haikuandikwa katika daftari, na haikuwa na bei.

Mwingine anaweza kwenda upande wa pili akasema: mtu aliyekufadhili humwachi, endelea kununua kwake kila kitu. Hili nalo silikubali. Fadhila ikinidai nibaki mhitaji ili mfadhili wangu aendelee kunihudumia, basi haikuwa fadhila, ilikuwa kamba. Fedha tutakazookoa kwa bustani zitasaidia karo ya mdogo wangu. Siwezi kumwambia mdogo wangu kuwa shukrani yetu kwa mtu mwingine ndiyo itakayomrudisha nyumbani.

Nadhani njia ya kutoka hapa imo katika lugha yenyewe. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumechosha madaftari yetu kwa mnyambuliko wa vitenzi. Tukichukua shina "tegemea", tunapata "kujitegemea", "kutegemeana" na "kutegemewa". Watu wengi huona "kujitegemea" kuwa ndicho kilele, na "kutegemeana" kuwa hali ya wale ambao bado hawajafika. Mimi naona mpangilio ni tofauti. Anayetegemea tu yumo hatarini, kwa sababu mkono wa mwenzake ukikunjwa ameanguka. Anayejitegemea ameondoka katika hatari hiyo, lakini akiishia hapo hana faida kwa mtu mwingine. Kujitegemea kunapata maana ya kimaadili pale kunapomwezesha mtu kutegemewa. Na watu wanaoweza kutegemewa wakikutana, hapo ndipo wanapotegemeana bila aibu.

Wazo hili si geni. Aristotle, alipozungumzia kujitosheleza katika kitabu chake cha maadili, alieleza kuwa hakumaanisha mtu anayeishi peke yake, bali mtu pamoja na wazazi, watoto, marafiki na raia wenzake. Mwalimu Nyerere na chama cha TANU, katika Azimio la Arusha la 1967, hawakuandika kujitegemea peke yake. Siasa yao iliitwa ya Ujamaa na Kujitegemea, maneno mawili pamoja. Mtu anaweza kubishana nao kuhusu vijiji na viwanda, lakini hilo "na" lililo katikati linastahili kukumbukwa.

Nilimweleza mama yule mpango wetu, kwa sababu niliona si vizuri aujue kwa kutotuona. Alicheka akasema, "Limeni, mwanangu. Ila Julai msinisahau." Kwa asiyejua kilimo cha kwetu, maneno hayo ni mazito. Aprili kila mtu ana mchicha, na bei huanguka. Julai, kiangazi kikikaza, mboga za majani huadimika, na meza yake hubaki na vitunguu na karoti. Hakuomba sadaka. Alikuwa anatuomba tuwe watu wa kutegemewa.

Basi nimeupanga mpango hivi. Tutapanda mchicha na mgagani, kwa kuwa mbegu zake tunaweza kuzitunza wenyewe na huliwa baada ya wiki chache. Tutasia kidogo kidogo kila wiki mbili ili tusivune vyote siku moja. Karoti, kabichi na nyanya, ambazo huchukua nafasi na muda mrefu, tutaendelea kununua kwake. Tuta moja lililo karibu na jiko tutalimwagilia maji ya kusuuzia mboga na vyombo hadi kiangazi, na mchicha wake wa Julai tutampelekea auze, kwa bei tutakayokubaliana.

Najua kuwa tuta moja halilipi kila kitu, na kwamba soko litabaki kuwa soko. Ila naamini kipimo cha haki cha bustani si kuuliza imetuondoa kwa watu wangapi. Tuulize imewawezesha wangapi kututegemea siku ambayo mvua haipo. Kwa kipimo hicho, hata mita 24 za mraba zinaweza kutosha kuanzia.